Mkate wa Ngano Mpya

Jumapili, 29 Julai 1951

Mvua asubuhi, jua mchana. Ngano ya mteremko wa kusini imeiva, lakini barua ya wilaya ya kuruhusu mavuno haijafika, kwa hiyo watu wanasimama ukingoni mwa mashamba yao wakiitazama tu.

Kanisani nimeketi roshani, mahali pangu pa siku zote, daftari gotini. Hakuna aliyeshangaa. Kila aliyesomeshwa na Mchungaji Pálfi huandika mahubiri. Ndivyo alivyotuzoesha tangu tukiwa na miaka kumi, na Jumatatu aliyakagua kwa penseli nyekundu. Sasa ni mwaka wa tatu tangu serikali iichukue shule yake. Penseli haipo tena, mazoea yamebaki.

Kesho nakala ya mahubiri haya itakaguliwa na mtu mwingine. Lazima nilieleze jambo hili hapa, kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kulieleza.

Ijumaa Ndugu Bakó, katibu wa Baraza la kijiji chetu, Kövesbükk, ambako mimi ni karani, aliniita. Zamani alikuwa fundi viatu, na hadi leo hutazama miguu ya mtu kabla ya uso.

"Áron, wewe si ndiye unayeandika anayosema yule mzee mimbarini?"

"Ni mazoea tu, Ndugu Katibu."

"Mazoea mazuri. Basi kila Jumatatu niletee nakala. Wilayani wanataka kujua anawalisha nini watu."

Akaendelea kutazama viatu vyangu.

"Hivyo vilikuwa vya marehemu baba yako. Nilivishona mimi. Mama yako ana ng'ombe wangapi siku hizi?"

"Wawili."

"Na anayemsaidia kuvuna?"

"Mjomba."

"Anakula kwenu?"

"Anakula."

"Basi huyo ni kibarua. Wapo walioandikwa makulaki kwa sababu ndogo kuliko hiyo." Kisha akacheka. "Natania, bwana. Karatasi Jumatatu."

Sidhani kama alikuwa anatania. Aliye kwenye orodha ya makulaki, yaani wakulima wanaohesabiwa matajiri na maadui wa taifa, hudaiwa nafaka maradufu, na mwanawe hawi karani wala mwanafunzi popote. Na orodha hiyo ninainakili mimi.

Jumatatu, 30 Julai

Mchungaji alisema jana: "Mungu ni mmoja, na kati yake na dhamiri ya mtu hakuna katibu." Watu walitabasamu. Sentensi hiyo nimeiacha. Nimeandika kwamba alihubiri juu ya bidii ya wale wadudu chungu, kwa sababu chungu nao aliwataja, mara moja. Ukurasa mmoja na nusu. Bakó ameupokea bila kuusoma.

Jumapili, 5 Agosti

Mavuno yameanza. Kanisa nusu tupu. Mahubiri mafupi.

Jumatatu, 6 Agosti

Nimepeleka karatasi. Chungu tena.

Jumanne, 14 Agosti

Mashine ya kupura iko uwanjani. Mkaguzi wa wilaya anasimama pale punje zinapotoka, na magunia yanakwenda moja kwa moja ghala la serikali. Hakuna ruhusa ya kusaga hata kibaba cha ngano mpya mpaka kijiji kizima kitimize fungu lake la nafaka ya serikali. Leo tumepita nyumba kwa nyumba kupiga lakiri vinu vya mkono visitumike. Bakó alishika mhuri, mimi nilishika mshumaa na lakiri.

Kwa Shangazi Rebeka Simó tulikuta kinu kimeoshwa na kuwekwa mezani, kama maiti. Wanawe wawili walibaki vitani kule mto Don, majira yale yale ya baridi yaliyomchukua baba. Aliniangalia nikidondosha lakiri.

"Na meno yangu je, Áron? Nayo yanasaga."

"Yamebaki mangapi, Shangazi?" Bakó akauliza.

"Manne. Andika, Ndugu Katibu, yasije yakapotea manne ya taifa."

Bakó alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilijiunguza kidole.

Jumatano, 22 Agosti

Joto. Jioni mama alinituma nyumbani kwa Mchungaji na kikapu cha mayai. Nilimkuta bustanini juu ya ngazi, na chini watoto saba wakichambua plamu za kukausha. Kufundisha dini nje ya kanisa kumekatazwa, na kufundisha mengine si kazi yake tena. Lakini wale watoto walikuwa wakigawanya plamu kwa sehemu na sehemu za sehemu, na yeye juu akiuliza, "Na theluthi ya robo?" Hakuna sheria inayokataza kuchambua plamu.

Kwa miaka ishirini na saba hajahama hapa. Mama husema alipokuja, mchumba wake Ilka akiwa bado mjini, wanaume walikuwa wakitia alama ya msalaba penye sahihi. Aliwafundisha kusoma majira ya baridi, katika chumba cha kufumia, wanawake wakifuma na wanaume wakisoma kwa sauti, na aliyekosea alipasua kuni za jirani. Alileta vitawi vya miti ya matunda kutoka Uingereza, alikosoma mwaka mmoja, akawafundisha kupandikiza. Nusu ya plamu za kijiji ni za mkono wake.

Aliposhuka aliniuliza, "Bado unaandika Jumapili?"

"Naandika, Mchungaji."

"Nani anakukagua?"

Nilimpa kikapu cha mayai. Alingoja kidogo, kisha akajijibu mwenyewe: "Jikague wewe, basi. Ni kazi ngumu. Mtu hujipa alama nyingi mno."

Sijui kama anajua.

Jumatatu, 27 Agosti

Nimepeleka karatasi. Bakó ameitumia kufungia kipande cha mafuta ya nguruwe.

Jumanne, 4 Septemba

Amekuja mtu kutoka wilayani, Ndugu Moraru. Kijana, labda ananizidi miaka mitano tu, nywele zimechanwa vizuri. Hasemi kwa sauti kubwa. Karatasi zangu zote, isipokuwa iliyofungia mafuta, alizipanga mezani mbele yangu.

"Chungu. Nyuki. Faida za maji safi." Aligusa kila moja. "Saa nzima mimbarini, mtu aliyesoma Uingereza, na anachosema ni hiki?"

"Ni mzee, Ndugu," Bakó akasema. "Akili imechakaa."

"Sikukuuliza wewe." Akanigeukia mimi. "Wewe ulikuwa wa kwanza darasani mwako. Nimesoma faili lako. Mtu wa kwanza darasani hasikii vibaya. Ama yeye hana kitu, ama wewe unakificha. Safari ijayo niandikie kila kitu kinachosemwa, hata matangazo. La sivyo tutazungumza juu ya mjomba wako."

Chakula cha jioni kimenishinda.

Jumapili, 9 Septemba

Mvua. Nimeandika kila kitu, kisha nimekata, kisha nimeandika upya.

Jumapili, 16 Septemba

Mvua.

Jumapili, 23 Septemba

Mvua, ukungu hadi adhuhuri. Mahindi yanaoza shambani. Fungu la kijiji halijatimia, pamebaki magunia arobaini. Wiki ijayo ni Shukrani ya mavuno na Meza ya Bwana. Kila mwaka mkate wa siku hiyo huokwa kwa ngano mpya, huwezi kushukuru kwa mavuno ya mwaka jana. Niliwasikia wanawake wakinong'ona langoni: mwaka huu utatoka wapi? Mchungaji aliwajibu kwamba Mungu hapimi umri wa unga. Waliondoka bila kuridhika.

Jumapili, 30 Septemba

Jua, baada ya wiki tatu. Kanisa lilijaa hadi ngazi za mnara. Mkate ulikuwepo, mkubwa, mweupe ndani, na harufu yake ilifika roshani. Sikuwa nimesikia harufu hiyo tangu mwaka jana, na nadhani hakuna aliyekuwa ameisikia.

Mahubiri yalikuwa makali. Alisema, kama kanisa letu linavyofundisha, Yesu alikuwa mwalimu, mwana wa watu, aliyekufa kwa sababu hakukubali kuambiwa na wakubwa nini ni kweli. Na anayeula mkate huu kwa ukumbusho wake asiule kama mtu aliyekwisha kuuza ulimi wake. Aliyasema polepole, macho yake yakiwa juu ya vitabu vya nyimbo, si juu ya mtu yeyote.

Kisha matangazo, na kama desturi, jina la aliyeleta mkate na divai, na kwa ukumbusho wa nani. "Mkate wa ngano mpya umeletwa na dada yetu Rebeka Simó, kwa ukumbusho wa wanawe wawili wasio na kaburi." Shangazi Rebeka alisimama, kama inavyopasa, kisha akaketi. Wanaume walikwenda mezani kwanza, wazee mbele, kisha wanawake. Nilikula nami.

Jumatatu, 1 Oktoba

Nimekaa na karatasi tupu tangu alfajiri. Nikiyaandika mahubiri yale, wanamchukua. Nikiandika chungu, Moraru anajua nadanganya, na jina la mama linaingia orodhani. Alitaka hata matangazo. Basi nimempa matangazo, neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri: ubatizo mmoja, ndoa mbili zilizotangazwa, nani ameleta mkate na kwa ukumbusho wa nani, nani ameleta divai. Mahubiri nimeyafupisha kuwa mistari minne juu ya shukrani. Ukurasa mzima umejaa na hauna sumu yoyote. Niliusoma mara tatu. Kwa mara ya kwanza tangu Julai nimeona nimefanya kazi kwa busara.

Bakó hakuwepo. Nimeutia kwenye mfuko wa posta ya wilaya mwenyewe.

Alhamisi, 4 Oktoba

Nitaandika yote.

Saa tatu asubuhi Moraru alifika na askari wawili. Shangazi Rebeka aliletwa ofisini na aproni yake, mikono imepakaa plamu; wanawake walikuwa nyumbani kwa Mchungaji wakipika jemu ya mwaka, jungu uani. Mimi niliwekwa mezani kuandika. Mbele ya Moraru palikuwa na karatasi yangu.

"Mkate wa ngano mpya," alisoma. "Mpya. Kijiji hiki kinadaiwa magunia arobaini, vinu vimepigwa lakiri, na ninyi mnakula mkate wa ngano mpya. Umeitoa wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mpaka dakika ile sikuwa nimeelewa. Maneno hayo nimeyasikia kila vuli ya maisha yangu, sikuwa nimeyasikia kama mtu asiye wa hapa atakavyoyasikia.

"Nimeokota masuke," Shangazi Rebeka akasema. "Yaliyodondoka. Nimeyapukusa kwa mkono."

"Na umesagaje?"

"Kwa kinu cha kahawa. Hakikuwa kwenye orodha yenu. Siku kumi na moja, mwanangu. Jaribu uone raha yake."

"Kilichodondoka shambani ni cha taifa pia."

"Basi ndege wote wa Kövesbükk ni wezi. Wakamate hao kwanza."

Askari mmoja aliinamisha uso. Moraru hakutabasamu. Alisema kuficha nafaka ni uhujumu, na uhujumu ni miaka, na mwanamke wa miaka sitini na nane hamalizi miaka hiyo. Shangazi akaanza kutafuta kiti kwa mkono, kama kipofu. Hapakuwa na kiti.

Ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia Mchungaji. Hakuitwa. Mikono yake ya shati ilikuwa imekunjwa, naye alinukia moshi na plamu.

"Ngano hiyo ni yangu," alisema. "Imetoka katika kipande cha shamba la kanisa. Nilimpa mimi, nikamwamuru aoke. Yeye hana kosa isipokuwa utii."

"Amesema ni masuke."

"Amesema hivyo ili kuniokoa. Waumini wangu ni watu wema, hawajui kudanganya vizuri."

"Mchungaji, jamani!" Shangazi Rebeka akalia. "Usiseme uongo kwa ajili ya mkate wangu!"

"Rebeka, nyamaza." Sijawahi kumsikia akimwambia mtu mzima anyamaze.

Moraru akamsogezea karatasi. Mchungaji alivaa miwani, akaisoma kuanzia juu hadi chini, ubatizo, ndoa, mkate, divai. Kisha akanitazama, si kwa hasira. Sijui ni kwa hisia gani. Akasema, "Andika, Áron. Polepole. Isije ikakosewa."

Nikaandika. Nikaandika kwamba ngano ilikuwa yake, kwamba aliificha kwa makusudi, kwamba alimlazimisha mjane. Kila sentensi nilijua si kweli na kila aliyekuwa chumbani alijua. Akatia sahihi. Moraru akapumua kama mtu aliyeshiba. Hakumtaka kamwe Shangazi Rebeka.

Walimruhusu Mchungaji arudi nyumbani kuchukua koti. Kabla ya adhuhuri lori lilikuwa limekwisha kupita daraja naye. Jemu iliungua. Harufu yake iko kijiji kizima.

Ijumaa, 5 Oktoba

Bakó alifunga mlango wa ofisi, akasimama mbele yangu. Hakutazama viatu.

"Kwa nini uliandika mkate?"

"Nilidhani hauna neno."

"Kila wiki nilipeleka chungu zako wilayani na kuapa kwamba mzee ni mpuuzi. Wiki tisa! Ile moja ya pumba kabisa niliifungia mafuta ili wasiione. Nilidhani tunaelewana, wewe na mimi." Akaketi kwenye kiti cha wageni. "Yule mzee ndiye aliyenifundisha kusoma. Nilikuwa na miaka thelathini."

Miezi miwili nimekuwa nikimwogopa mtu huyu.

"Mama yako hatawekwa orodhani," alisema akitoka. "Moraru amependezwa nawe."

Jumapili, 7 Oktoba

Mzee mmoja wa kanisa alisoma zaburi. Hakuna mahubiri. Nilikuwa na daftari, sikulifungua.

Jumapili, 21 Oktoba

Mvua. Shangazi Rebeka hakuketi benchi lake. Alisimama mlangoni, akatoka kabla ya wimbo wa mwisho. Langoni mwanamke mmoja alimwambia waziwazi, "Kiburi chako cha mkate mweupe kimetunyima mchungaji." Hakujibu, yeye ambaye hajawahi kukosa jibu.

Jumatatu, 29 Oktoba

Karatasi imefika ofisini, nimeipokea mimi. Miaka minne. Kambi ya kazi ngumu, kuchimba mfereji kule karibu na bahari. Hapakuwa na kesi, ni amri tu. Ana miaka hamsini na sita, na kifua kibovu.

Bakó mwenyewe ameipeleka kwa Mama Ilka, mke wa Mchungaji.

Jumapili, 4 Novemba

Shangazi Rebeka hakuja kabisa. Mama anasema hali kitu. Jirani humpelekea ugali, jioni huukuta vile vile umeganda. Husema, "Nimemla Mchungaji wangu kwa mkate, nitakula nini tena?" Mama alisimulia haya huku akinitilia supu.

Jumatatu, 5 Novemba

Sikwenda kwa Shangazi Rebeka.

Jumanne, 6 Novemba

Nilifika langoni kwake. Nikarudi.

Alhamisi, 8 Novemba

Jalidi ya kwanza. Nimekwenda.

Alikuwa ameketi jikoni, moto umezimika, gunzi la mahindi mkononi, hapukuchui. Amekonda hivi kwamba shali imemzunguka mara mbili. Nilisimama, nikasema nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikiketi sitasema.

"Shangazi, si wewe. Ile karatasi niliandika mimi. Wilaya walitaka mahubiri, mimi nikawapa matangazo. Jina lako na mkate niliwaandikia mimi."

"Wewe? Kwa nini, mwanangu?"

"Nilidhani ni kitu kizuri, hakiwezi kudhuru."

"Kilikuwa kitu kizuri," alisema.

Kisha akainuka, akanijia, akanipiga kofi. Sikujua mkono ule una nguvu hiyo. Akanipiga la pili. Halafu akaketi akalia sana, na mimi nikawasha moto kwa kuwa sikujua la kufanya. Alipokwisha kulia alifuta pua kwa shali.

"Kuna ugali pale kabatini," alisema. "Pasha."

Alikula wote. Hakunipa. Alipomaliza alisema, "Mimi nimekwisha kukupiga. Sasa nenda kwa Ilka. Naye ana haki yake."

Ijumaa, 9 Novemba

Mama Ilka alinipokea uani, hakunikaribisha ndani. Nilianza kusema, akainua mkono.

"Najua. Mume wangu Dénes aliniambia alipokuja kuchukua koti. Aliujua mwandiko mara tu alipouona. Alisema, 'Ni Áron, ameogopa, usimchukie.' Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, Áron. Dakika tano tulizopewa, moja ameitumia kwako."

Ukungu ulikuwa ukitoka kinywani mwake. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa baridi. Kuni zilizobaki ukutani hazizidi mzigo mmoja, na magogo yapo, hayajapasuliwa.

"Nimejaribu wiki tano," alisema. "Kila asubuhi najaribu. Bado sijaweza. Sitaki kukudanganya, na yeye asingetaka nikudanganye. Nenda nyumbani."

Akaingia, akafunga.

Jumamosi, 10 Novemba

Nimemwambia mama. Aliendelea kukanda unga mpaka ukawa mgumu.

Jumatatu, 12 Novemba

Bakó ameuliza karatasi ya ibada ya jana iko wapi, kwa kuwa wilaya bado wanaitaka. Nimemwambia sitaandika tena, na kwamba Moraru akija nitamwambia mwenyewe. Bakó alitazama viatu vyangu kwa muda mrefu. "Soli ya kulia imetoboka," alisema. "Lete Jumamosi, niitie ngozi kabla hawajakupeleka mahali pa theluji."

Jumanne, 13 Novemba

Baada ya kazi nilikwenda kwa Mama Ilka na shoka. Nilibisha. Hakufungua. Nilipasua magogo mpaka giza likaanza kuingia, nikapanga chini ya ukingo wa paa, nikaondoka.

Jumatano, 14 Novemba

Theluji. Nilibisha. Hakufungua. Kuni za jana ziko pale pale, zimefunikwa nyeupe. Nilipasua nyingine.

Alhamisi, 15 Novemba

Moraru atakuja Jumatatu, simu imepigwa. Nilibisha. Hakufungua. Moshi wa bomba ulikuwa mwembamba.

Ijumaa, 16 Novemba

Theluji usiku kucha. Nilibisha. Hakufungua. Rundo la kuni lilikuwa limepungua safu moja, na toka pale hadi mlangoni kulikuwa na nyayo za mtu mmoja, kwenda na kurudi.